Nchi haizeeki kwa sababu wazee hawafi, inazeeka kwa sababu watoto hawazaliwi

Kikokotozi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikifunguliwa mada ya idadi ya watu humu ndani, uzi unaishia kwenye kambi mbili zile zile. Kambi ya kwanza: tunazaana mno, dunia inajaa. Kambi ya pili: matajiri wanaisha, sisi tuzae tu, kesho ni yetu. Kambi zote mbili zinahesabu vichwa. Mimi nataka tujadili umri wa hivyo vichwa, maana nchi mbili zenye watu milioni 30 kila moja zinaweza kuwa na shida zisizofanana hata kidogo, moja ikiwa imejaa wanafunzi na nyingine imejaa wastaafu.

Wapange raia wote wa Niger kwenye mstari mmoja, kuanzia kichanga cha jana hadi mkongwe kuliko wote. Anayesimama katikati kabisa ana miaka 15 hivi. Fanya vivyo hivyo Japani: wa katikati ana karibu 49. Kwa dunia nzima ni kama 31. Huyo wa Japani ana umri wa kutosha kabisa kumzaa huyo wa Niger.

Ukimuuliza mtu kwa nini Japani imezeeka, atakujibu chapuchapu: wana hospitali nzuri, wanaishi sana, ndiyo maana wazee wamejaa. Jibu linaingia akilini, lakini si hilo lililofanya kazi kubwa. Mtaalamu wa idadi ya watu kutoka Marekani, Ansley Coale, alilionyesha kwa hesabu tangu miaka ya 1950. Vifo vikianza kushuka katika nchi maskini, vinavyoshuka kwanza ni vya watoto. Chanjo, maji safi, vyandarua, dawa ya mtoto anayeharisha: wanaookolewa ni wenye mwaka mmoja, miwili, mitatu. Kwa hiyo nchi ikipata tiba inaongeza watu upande wa chini, inakuwa changa zaidi. Kenya ni mfano mzuri. Utafiti wa uzazi wa 1977–78 ulikuta wastani wa watoto 8 kwa mwanamke, na sensa ya 1979 ikakuta karibu nusu ya watu wako chini ya miaka 15. Hiyo haikuwa nchi ambayo afya imeanguka. Ni nchi ambayo watoto walikuwa wameanza kupona.

Kinachozeesha ni uzazi kushuka. Chukua Korea Kusini, ambako mwaka 2023 wastani ulikuwa watoto 0.72 kwa mwanamke. Weka watu 100, nusu wanawake. Wanawake 50 kwa wastani huo wanaleta watoto 36. Kati ya hao 36, wasichana ni 18, nao wataleta watoto 13. Babu na bibi 100, wajukuu 13. Katika hesabu hii sijamwongezea mtu hata siku moja ya kuishi, na nchi imeshazeeka. Halafu kumbuka kwamba mwaka 1960 mwanamke wa Korea hiyo hiyo alikuwa na watoto 6 kwa wastani. Kwa wastani huo, watu 100 wangekuwa na wajukuu 900 kama wote wangepona.

Sasa tuje kwenye kasi, ambayo ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Wataalamu wana kipimo kimoja: inachukua miaka mingapi kwa watu wa miaka 65 na zaidi kutoka asilimia 7 ya raia wote hadi asilimia 14. Ufaransa ilichukua kama miaka 115. Uswidi kama 85. Japani 24, kuanzia 1970 hadi 1994. Korea Kusini 18, kuanzia 2000 hadi 2018.

Anayechelewa kuanza anakimbia zaidi. Ufaransa ilikuwa na zaidi ya karne nzima ya kujenga mifuko ya pensheni, kukosea, kurekebisha, kugoma barabarani na kurekebisha tena. Japani ilikuwa na robo karne tu, lakini ilipofika 1994 ilishakuwa miongoni mwa nchi tajiri kabisa duniani. Walio kwenye foleni sasa ni China, Thailand, Brazili na wengine, nao hawana utajiri wa Japani ya 1994.

Hoja yangu ni kwamba tajiri na maskini wanaelekea kule kule. Kinachowatofautisha ni mwendo, na alichokwisha kuweka akiba kila mmoja kabla hajafika.

Karibuni. Matusi wekeni pembeni.

Nahodha wa Nchi Kavu

Mkuu nondo zimetulia, ila hapo kwenye kuwatoa wazee kwenye lawama napinga. Zamani watu walikuwa wanakufa na miaka 35, 40. Leo mtu anafika 80. Hiyo miaka 40 iliyoongezeka imeenda wapi kama si kwenye hesabu ya wazee?

Kikokotozi

Nahodha, hiyo 35 ni wastani. Mtoto mmoja akifa kabla ya kutimiza mwaka na mwingine akafa na miaka 70, wastani wao ni 35, na hapo hakuna hata mmoja aliyekufa na miaka 35. Zamani ukishavuka utoto ulikuwa na nafasi nzuri tu ya kuona wajukuu. Sehemu kubwa ya hiyo miaka 40 imetoka kwa watoto walionusurika, na mtoto aliyenusurika haongezi wazee kesho asubuhi. Anaongeza mwanafunzi, halafu mfanyakazi, halafu mzazi, na mwisho kabisa ndiyo mzee.

Ila kwa nchi zilizokwisha kuzeeka una hoja. Huko vifo vya watoto vimeshuka mpaka havina pa kushuka tena, kwa hiyo kila hatua mpya ya tiba inamwokoa mtu wa miaka 75 au 85. Japani mwaka 1963 ilihesabu watu 153 waliofikisha miaka 100. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 95,000, karibu tisa kati ya kila kumi wakiwa wanawake. Kwa hiyo kuzeeka kwa nchi kunaanzia chini, baadaye ndipo juu nako kunaongezea. Kichwa cha uzi hakina nafasi ya yote hayo.

Mzushi

Mnajichosha bure. Serikali ikitaka watu wazae watazaa. Ni amri moja tu.

Dada Hesabu

Mzushi, hiyo amri ilishatolewa na matokeo yake bado yanatembea.

Romania, Oktoba 1966. Mtawala wa nchi hiyo, Nicolae Ceaușescu, alitoa amri namba 770: kutoa mimba marufuku isipokuwa kwa masharti machache, na njia za kuzuia mimba zikawa adimu. Mwaka 1966 walizaliwa watoto kama 274,000. Mwaka 1967 wakazaliwa karibu 528,000. Hebu iweke kwenye wodi ya wazazi: vitanda vile vile, wakunga wale wale, watoto karibu mara mbili ndani ya miezi 12. Miaka michache baadaye wanataka madawati mara mbili. Wakimaliza shule wanataka kazi mara mbili. Kundi moja la umri likisukuma kila mlango linaoufikia.

Na hata hilo halikudumu. Watu walitafuta njia za kificho, uzazi ukaanza kushuka tena, na maelfu ya wanawake wakafa kwa utoaji mimba wa uchochoroni. Amri ilifutwa Desemba 1989, siku chache baada ya Ceaușescu kuangushwa. Vijana waliojaa barabarani mwezi ule walikuwa na miaka 22, 21, 20. Fanya hesabu mwenyewe walizaliwa lini. Kundi hilo hilo litaanza kudai pensheni kwa mkupuo mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Singapore walikwenda kwa upole. Miaka ya 1970 serikali iliwahimiza watu waishie watoto wawili, na ikawabana waliozidisha. Mwaka 1987 ikageuka: zaeni watatu au zaidi kama mna uwezo. Mwaka 2023 wastani wao ulikuwa 0.97. Hungaria nayo imemwaga fedha. Tangu 2020 mama mwenye watoto wanne au zaidi amesamehewa kodi ya mapato maisha yake yote. Uzazi ulipanda kutoka kama 1.2 mwaka 2011 hadi kama 1.6 mwaka 2021, halafu ukarudi chini ya 1.4. Kitu kimepatikana, lakini kati ya hizo mbili hakuna iliyofika 2.1, ambayo ndiyo inayotosha kizazi kimoja kujaza nafasi ya kilichotangulia.

Mzushi

Sawa dada, nimekaa kimya.

(Kwa leo.)

Mpwa wa Mjomba

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Upande mmoja vijana wamejaa hawana kazi, upande mwingine kazi zimejaa hazina vijana. Si wafungue mipaka tu? Hesabu imefungwa.

Kikokotozi

Mpwa, wengi wanalisema hilo, na kwa kiasi fulani linasaidia kweli. Lakini mwaka 2000 Kitengo cha Idadi ya Watu cha Umoja wa Mataifa kilipiga hesabu hiyo hiyo. Kilijiuliza: nchi itahitaji wahamiaji wangapi ili uwiano wa watu wa umri wa kazi kwa wazee ubaki pale pale hadi 2050? Kwa Korea Kusini jibu lilikuwa bilioni 5.1. Dunia nzima wakati huo ilikuwa na watu kama bilioni 6. Hawakuwa wanashauri jambo hilo, walikuwa wanaonyesha kwamba haliwezekani.

Sababu ni kwamba mhamiaji naye anazeeka. Anaingia na miaka 27, baada ya miaka 40 na yeye ni mstaafu, na kwa kawaida watoto wake wanazaa kama wenyeji wanavyozaa. Kwa hiyo inabidi ulete wengine wa kumtunza yeye, halafu wengine wa kuwatunza hao.

Ghuba wamepata ujanja wao. Qatar, kama watu watatu kati ya wanne ni wanaume, maana wafanyakazi wageni wanaingia wakiwa vijana na wanaondoka kabla ya uzee. Ukiangalia mchoro wao wa umri (mistari ya idadi ya watu kwa kila umri, wadogo chini, wazee juu, wanaume upande mmoja na wanawake mwingine), upande wa wanaume umevimba katikati na upande wa wanawake umenywea. Mimi huo nauita muundo wa kuazima. Nchi nyingine imelipia kuzaliwa, chanjo na shule ya yule kijana, wao wanatumia miaka yake ya nguvu, na uzee wake unarudishwa kule kule alikotoka. Wataalamu wa uchumi hawapendi lugha hii, lakini sijaona aliyeipinga kwa hesabu.

Nahodha wa Nchi Kavu

Swali jingine. China walibana uzazi tangu enzi hizo, mtoto mmoja mmoja. Mbona waliendelea kuongezeka miaka yote hiyo?

Kikokotozi

Swali zuri sana hili, na ndilo linalowapoteza wanasiasa wengi.

Uzazi wa China ulishuka chini ya 2.1 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Idadi ya watu ikaanza kupungua mwaka 2022. Miaka 30 katikati! Sababu ni kwamba akina mama wa miaka ya 1990 walikuwa wamezaliwa miaka ya 1960, wakati China ilikuwa na watoto zaidi ya 6 kwa mwanamke. Walikuwa wengi mno kiasi kwamba hata kila mmoja akizaa kidogo, jumla ya watoto bado ilizidi jumla ya waliokufa. Nchi changa ina mwendo ndani yake ambao huwezi kuufungia breki papo hapo.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ndio unaotisha. Sasa akina mama wenyewe ni wachache. China ikiamka kesho kila mwanamke azae wawili, jumla bado itaendelea kupungua kwa muda mrefu, maana wa kuzaa hawapo. Ruhusa ya watoto wawili ilikuja 2016, ya watatu 2021. Hakuna iliyogeuza kitu.

Dada Hesabu

Naomba niingize hesabu moja ambayo watu huwa wanairuka.

Wote tunaona Japani ndiyo yenye mzigo mkubwa wa wategemezi. Haya, tuhesabu. Japani: wazee wa 65 na zaidi ni kama asilimia 29, watoto chini ya 15 kama 11. Wanabaki kama asilimia 60 wa umri wa kazi. Kwa kila watu 100 wa umri wa kazi kuna wategemezi chini ya 70. Niger: watoto chini ya 15 karibu nusu ya nchi, wazee hawafiki asilimia 3. Kwa kila watu 100 wa umri wa kazi kuna wategemezi kama 100.

Kwa hiyo aliyeelemewa zaidi ni Niger. Lakini hakuna anayeandika habari za mgogoro wa wategemezi Niger, kwa sababu bili inakwenda mlango mwingine. Mtoto analishwa na mama yake, na gharama yake haionekani kwenye bajeti ya taifa isipokuwa shule na chanjo, ambazo nazo zikikosekana serikali haianguki. Mzee wa nchi tajiri analipwa na hazina: pensheni, hospitali, nyumba ya kutunzia wazee. Akicheleweshewa hela anajua pa kwenda, na ana kura. Na mahali ambapo wazee ni wengi na wanajitokeza kupiga kura kuliko vijana, jaribu wewe kugusa pensheni uone.

Ufaransa walijaribu 2023, kusogeza umri wa kustaafu kutoka 62 hadi 64. Serikali ikaipitisha bila kura ya Bunge la Taifa, nchi ikawaka kwa migomo, na Oktoba 2025 waziri mkuu akatangaza kuisimamisha hadi uchaguzi wa rais upite. Kwa miaka miwili tu ya nyongeza! China walifanya kimyakimya: tangu Januari 2025 wanasogeza wanaume kutoka 60 hadi 63, wanawake wa ofisini kutoka 55 hadi 58, na wa viwandani kutoka 50 hadi 55, pole pole kwa miaka 15.

Ikumbukwe Ujerumani ilipoanzisha pensheni ya uzee mwaka 1889, enzi za Kansela Bismarck, umri uliowekwa ulikuwa 70. Ulishushwa hadi 65 mwaka 1916. Ilikuwa ahadi rahisi kuitoa, kwa sababu waliofika huko walikuwa wachache na waliochangia walikuwa wengi. Mfumo wa anayefanya kazi leo kumlipa aliyestaafu leo unakwenda vizuri sana pale ambapo chini ni kupana. Chini kukibanwa, hakuna mhasibu anayeweza kuuokoa bila kuongeza makato, kupunguza mafao au kusogeza umri. Njia ni hizo tatu, na zote zinauma.

Mpwa wa Mjomba

Sasa nchi maskini ambazo hata hiyo pensheni hazina?

Dada Hesabu

Hapo ndipo pagumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ifikapo 2050 wazee wanane kati ya kila kumi watakuwa wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hata sasa wengi wako huko, kwa sababu watu wengi wa dunia wako huko. Na katika nchi za kipato cha chini, aliyejiajiri shambani au sokoni hana mfuko wowote unaomjua. Pensheni yake ni watoto wake. Watoto nao wakiwa wawili, na mmoja kahamia mbali, mfumo huo wa zamani unabeba kilo ambazo haukutengenezewa.

Kuna walioanza mapema. Lesotho ilianza mwaka 2004 kumlipa kila raia aliyefikisha miaka 70 asiye na pensheni ya serikali, awe alichangia au hakuchangia. Ni fedha ndogo, na Lesotho si nchi tajiri. Inawezekana kwa sababu ileile ya Bismarck: wazee bado ni wachache. Anayesubiri mpaka wawe wengi ndipo aanzishe, atakuta bili imeshakuwa kubwa kuliko pochi.

Mkunga Mstaafu

Wanangu, nimewasoma tangu mwanzo. Niwaongezee kitu upande wa uzazi, maana mnauzungumza kama kitu kinachoshuka chenyewe.

Katika kazi yetu tunalijua hili: mama hapunguzi kuzaa kwa sababu ameambiwa nchi imejaa. Anapunguza akishaamini kwamba waliopo watapona. Aliyezika wawili hawezi kukuelewa ukimwambia aishie watatu. Ndiyo maana vifo vya watoto hushuka kwanza, uzazi hufuata nyuma kwa miaka kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Katika hiyo nafasi ya katikati ndipo nchi inajaa watoto.

Na msidhani lazima mtu atajirike kwanza. Bangladesh miaka ya 1970 ilikuwa na watoto karibu 7 kwa mwanamke, na umaskini wa kupindukia. Walituma wanawake wahudumu wakapita nyumba hadi nyumba na vidonge vya uzazi wa mpango, wakikaa na akina mama na kujibu maswali yao. Leo wako karibu na 2. Iran ilishuka kwa kasi kuliko karibu nchi yoyote: mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa zaidi ya watoto 6, kufika mwaka 2000 ilikuwa kama 2. Wasichana walikwenda shule, vijijini kukajengwa nyumba za afya, na waliotaka kuoana walipitia darasa la uzazi wa mpango kwanza. Hao si matajiri. Ni watu waliofikiwa.

Baadaye Iran wenyewe wakashtuka na kuanza kuwataka watu wazae tena. Mnajua mlivyosema kuhusu Singapore.

Nahodha wa Nchi Kavu

Shikamoo mama. Hapo kwenye "waliofikiwa" umemaliza.

Ila nirudi kwa mleta mada. Mimi bado naamini vijana ni mtaji. Nchi yenye nusu ya watu chini ya miaka 20 haiwezi kuwa na mkosi, ina bahati.

Kikokotozi

Mama, Nahodha hajaisubiri hata marahaba yako, nami naongeza shikamoo yangu.

Nahodha, mtoto wa miaka 8 si mtaji bado, ni gharama. Bahati unayoisema inakuja baadaye, uzazi ukishashuka, lile kundi kubwa la watoto likiingia umri wa kazi huku nyuma yao kukiwa na watoto wachache na mbele yao wazee bado wachache. Wategemezi wanapungua pande zote mbili kwa wakati mmoja. Wataalamu wanaiita gawio la demografia. David Bloom na Jeffrey Williamson walipoichunguza Asia ya Mashariki mwaka 1998, walikadiria kwamba hadi theluthi moja ya ule ukuaji wa kushangaza wa 1965 hadi 1990 ulitokana na mabadiliko haya ya umri.

Theluthi. Zilizobaki mbili zilitoka kwenye shule, viwanda, akiba na masoko ya nje. Amerika ya Kusini ilipata dirisha linalofanana na hilo katika miaka inayokaribiana, na haikupata muujiza huo. Idadi ya vijana ilikuwepo, kazi za kuwaweka hazikuwepo za kutosha. Na dirisha halirudi mara ya pili: kundi lile lile lililojaza viwanda vya Korea ndilo linalojaza zahanati zake leo. Desemba 2024 Korea Kusini ilivuka mstari wa mtu mmoja kati ya watano kuwa na miaka 65 au zaidi.

Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hazijaingia hata kwenye dirisha lenyewe, kwa sababu uzazi bado uko juu ya watoto 4 kwa wastani. Kujisifu kwa piramidi (ule mchoro wa umri) pana chini, ukiwa hujaanza kuibana, ni kujisifu kwa mkopo.

Mgeni Jukwaani

Samahani wakuu, mimi si mtaalamu. Nikipewa ile michoro ya umri kwenye ripoti ya sensa, naanza kuangalia wapi? Naona tu mistari ya bluu na nyekundu.

Kikokotozi

Karibu sana. Hakuna samahani hapa.

Anza chini kabisa. Linganisha mstari wa miaka 0–4 na ule wa 5–9. Kama wa 0–4 ni mrefu kwa mbali, nchi bado inapanuka. Kama inalingana, uzazi umeanza kushuka. Kama wa 0–4 ni mfupi, hiyo nchi imeshageuka na itahitaji madarasa machache kuliko iliyo nayo. Tahadhari moja: sensa nyingi huwakosa vichanga, na watu hupenda kutaja umri unaoishia na 0 au 5, kwa hiyo usishtuke ukiona kuna mistari imerefuka pale 30, 40 na 50 ukiangalia umri wa mwaka mmoja mmoja.

Halafu tafuta makovu. Mchoro wa Ufaransa ulibeba kwa miaka mingi pengo la watoto ambao hawakuzaliwa 1914–18 kwa kuwa baba zao walikuwa vitani, na kizazi kimoja baadaye likafuata pengo dogo la watoto wa wale wasiozaliwa. Japani kuna mwaka 1966, mstari mmoja umeingia ndani ghafla. Hakukuwa na vita wala njaa. Ulikuwa mwaka wa Farasi wa Moto kwenye kalenda yao, ambao kwa imani ya zamani binti akizaliwa humo atamletea mumewe balaa. Mwaka 1965 walizaliwa kama milioni 1.82, mwaka 1966 kama milioni 1.36, na mwaka uliofuata wakarudi juu. Mwaka huo hurudi kila baada ya miaka 60, kwa hiyo baada ya 1966 ni 2026.

Mwisho, usiridhike na mchoro wa nchi nzima. Utafiti wa Ethiopia wa 2016 ulikuta Addis Ababa ina watoto 1.8 kwa mwanamke, na Jimbo la Somali ndani ya nchi hiyo hiyo zaidi ya 7. Ukichukua wastani wa nchi nzima utapata 4.6, namba isiyoelezea Addis wala Jimbo la Somali. Omba mchoro wa kila mkoa. Mara nyingi uko kwenye majedwali ya nyuma ya ripoti, ambako wengi hatufiki.

Mgeni Jukwaani

Nimeelewa. Nakwenda kwenye majedwali ya nyuma, nikikwama narudi na picha.